Pumzi ya Pili

Simu ilinikuta darasani, kipindi cha tatu, kidato cha pili. Mdogo wangu hakusalimia, na yeye si mtu wa kuruka salamu. "Dada, wifi yako chupa imepasuka." Nikamuuliza mimba ina muda gani. Kimya. Nyuma yake nilisikia watu wa mnadani wakipiga kelele za bei, kisha akasema, "Sijui, dada. Miezi sita? Saba?"

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba. Huku kwetu Mtwara Novemba ni mwezi wa pesa na matope. Korosho ziko ghalani, minada inafuatana, na mvua za kwanza zimeshaanza kuharibu barabara za huko juu, uwanda wa Makonde. Wao wanaishi kijiji kimoja upande wa Tandahimba. Zahanati ipo, nesi yupo, na siku hiyo alikuwa peke yake zamu nzima. Alimpima wifi yangu, akaona njia imeanza kufunguka, akaandika barua ya rufaa. Basi. Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto hakumchoma.

Nilimkasirikia nesi yule kwa wiki kadhaa. Nitarudi kwake.

Kuna namba ya bure, 115, ya mfumo wa m-mama, ya kupiga pale mjamzito au kichanga anapopatwa na dharura na usafiri hakuna. Hakuna aliyeikumbuka. Walimpakia wifi kwenye pikapu iliyotoka kushusha korosho ghalani, wakamtandikia magunia matupu na kanga juu yake, wakashuka naye mpaka mjini. Nilipomkuta hospitalini nywele zake zilikuwa na vumbi la magunia, mkono umeng'ang'ania pindo la kanga, na mama yangu alishafika kabla yangu, sijui kwa usafiri gani.

Daktari alikuwa kijana. Alimuuliza swali lilelile nililomuuliza mdogo wangu, ila yeye aliliuliza vizuri zaidi. "Mama, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?"

"Sikumbuki tarehe."

Kwenye kadi ya kliniki, pale pa kuandika tarehe hiyo, palikuwa na neno moja: hajui. Kliniki yenyewe alihudhuria mara moja tu. Mama akainama sikioni kwa mkwewe. "Mwanangu, siku hizo mlikuwa mnafanya nini shambani?" Wifi akasubiri uchungu upite. "Walikuwa wanagawa salfa. Mimi sikwenda, nilikuwa naumwa tumbo la siku zangu. Alikwenda mwenyewe." Mwenyewe, yaani mumewe. Na mdogo wangu, mtu ambaye hafuti ujumbe hata mmoja kwenye simu yake, akaanza kurudi nyuma: Oktoba, Agosti, Juni, mpaka akaukuta ujumbe wa katibu wa chama cha msingi akiwaita wanachama wakachukue salfa ya kupulizia mikorosho. Tarehe 5 Mei.

Daktari akageukia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia tena kuhesabu. Wiki 29.

Hapohapo akaagiza deksamethazoni, ile sindano ya kukomaza mapafu. Ilikuwa saa kumi jioni. Dozi kamili ni sindano nne, moja kila baada ya saa 12, na mapafu ya mtoto yanahitaji kama siku nzima ndipo yanufaike ipasavyo. Mtoto alizaliwa saa tatu usiku.

Gramu 1,250. Mzazi mwenzangu, fikiria pakiti ya sukari ya kilo moja na robo, kisha fikiria ina vidole na kucha. Alilia. Sauti ilikuwa kama ya paka mchanga, lakini alilia, na mama yangu akasema Alhamdulillahi kwa nguvu kiasi kwamba wodi ya pili walisikia. Nami nikadhani kazi kubwa imekwisha, kwa sababu tangu utotoni nimesikia kwamba mtoto akishalia amepona.

Baada ya nusu saa hivi alianza kuguna. Mguno mfupi mwishoni mwa kila pumzi, nh, nh, nh, kama mtu anayebeba ndoo iliyomzidi. Pua zilikuwa zinatanuka. Chini ya mbavu kifua kilikuwa kinabonyea kila akivuta hewa, kinabonyea kabisa, mpaka unaona kivuli. Nesi wa wodi ya watoto wachanga alimfunga kwenye unyayo kile kifaa cha kupima oksijeni, akatazama namba, akamwita daktari kwa jina bila kuongeza neno lingine.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimefundisha mvutano wa uso wa maji miaka 14 sasa. Sindano inayoelea kwenye bakuli, mdudu anayetembea juu ya dimbwi, tone linalojikunja kwenye jani la muhogo. Wanafunzi wanachora, wanafaulu, wanasahau. Haikunijia hata siku moja kwamba kitu hicho hicho kinaweza kuua mtoto.

Chukua mfuko mdogo wa nailoni, ule wa kugandishia barafu za ubuyu. Ukiwa mkavu unaupuliza kidogo unafunguka. Lowesha ndani yake, ubonyeze hewa yote itoke, halafu jaribu kuupuliza. Pande mbili zimegandana, utapuliza mpaka mashavu yaume ndipo uachie kwa kishindo. Sasa mapafu yamejaa vifuko vya hewa vidogo mno, na ndani vyote vina unyevunyevu. Maji yana tabia ya kujivuta pamoja. Mtu anapotoa pumzi, vifuko vinasinyaa na maji yale yanataka kuvifunga kabisa. Tena kilicho kidogo ndicho kinachobanwa zaidi: ukiunganisha povu dogo na povu kubwa, dogo linamwaga hewa yake ndani ya kubwa na kutoweka.

Wewe na mimi hatufi kwa sababu mapafu yetu yanatengeneza kitu kinachoitwa safaktanti. Ni mchanganyiko wa mafuta, karibu asilimia 90, na protini kidogo, unaotandazwa juu ya ule unyevu kama utando. Uko katika ukoo mmoja na sabuni: unakata ule ubishi wa maji. Mtoto tumboni huanza kuutengeneza karibu na wiki ya 24, lakini kwa kiasi cha kumtosha huwa anafika wiki ya 34 au 35. Mtoto wetu alikuwa na wiki 29.

Pumzi ya kwanza ni nzito kwa kila mtoto anayezaliwa, kwa sababu anafungua mapafu ambayo hayajawahi kuona hewa. Kwa mtoto aliyekomaa, ya pili ni nyepesi. Hewa kiasi imebaki ndani, vifuko viko wazi nusu, na safaktanti inavishikilia. Njiti ambaye safaktanti haijamtosha hana pumzi ya pili. Kila pumzi kwake ni ya kwanza. Anafungua ule mfuko uliogandana mara 60, mara 70 kwa dakika, na hana misuli wala akiba ya mwili ya kuifanya kazi hiyo mpaka asubuhi. Hewa iko tele chumbani. Kinachomuua ni uchovu.

Na kule kuguna? Nilimuuliza nesi nikidhani ni maumivu. Akaniambia mtoto anabana koo mwishoni mwa pumzi ili hewa isitoke yote, vifuko visije vikafunga. Usiku ule nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Kiumbe cha gramu 1,250, hakijafungua macho sawasawa, kimeshagundua fizikia ya mapafu yake na kinajitibu kwa koo lake.

Walichofanya wao ni kumpokea ile kazi. Walimvisha kofia ya kitambaa, wakamfungia vijirija viwili vifupi puani, na mpira mwingine ukatoka kwake ukaenda kuzama ndani ya chupa ya maji kando ya kitanda. Hewa yenye oksijeni inaingia kwa mgandamizo, na njia yake ya kutokea ni kupitia ile chupa. Mpira umezama sentimita 6, kwa hiyo mapafu hayawezi kusinyaa chini ya mgandamizo wa sentimita 6 za maji. Ni hivyo tu. Chupa ina mistari ya rula ubavuni. Wanaiita sipapu. Nilipoiona nilisogea karibu mpaka nesi akanirudisha nyuma, maana nilikuwa naitazama sura ya tatu ya kitabu changu ikimshikilia mtoto wa ndugu yangu asife.

Chupa inatokota taratibu, kama sufuria ya kunde kwenye moto mdogo. "Mwalimu," nesi aliniambia, "mapovu yakinyamaza, usiniulize kitu, niite." Nilikesha nikisikiliza mapovu.

Nilikesha pia nikisoma simu. Nilitaka kujua watu walijuaje. Mwaka 1929 mwanasayansi Kurt von Neergaard, akiwa Uswisi, alijaza mapafu kwa maji badala ya hewa, akakuta yanafunguka kirahisi zaidi. Maana yake kizuizi kilikuwa pale hewa inapokutana na unyevu. Aliandika hata kwamba jambo hilo linaweza kuwahusu watoto wachanga. Halikufanyiwa kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Richard Pattle wa Uingereza na mwaka 1957 John Clements wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mapafu yana kitu kinachopunguza mvutano huo. Na mwaka 1959, mjini Boston, daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead wakapima mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu na kukuta kitu hicho hakitoshi. Mpaka hapo watu wengi walidhani watoto hawa wana kitu cha ziada mapafuni kinachowaziba. Kumbe walikuwa na pungufu.

Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Rais wa Marekani John Kennedy alipata mtoto wa kiume, Patrick, kabla ya siku zake. Alikuwa na kilo mbili na kidogo. Kwa macho ya wodi yetu ya Mtwara lile ni jitu. Walimpeleka Boston, wakamweka hata kwenye chumba cha oksijeni ya mgandamizo mkubwa, na baada ya saa 39 akafa. Nilisoma hilo saa nane usiku, chupa ikitokota kando yangu. Daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha habari za kuwapa vichanga mgandamizo wa namna hii mwaka 1971. Baba mwenye mamlaka yote yale hakuweza kumpatia mwanawe kitu ambacho wifi yangu, mkulima wa korosho, alikuwa anakitazama kikifanya kazi.

Asubuhi binamu yetu wa Dar es Salaam alipiga simu. Alikuwa amesikia kwamba kuna dawa yenyewe, safaktanti ya chupa, inayomiminwa moja kwa moja mapafuni. Alikuwa sahihi. Mwaka 1980 daktari Tetsuro Fujiwara wa Japani aliwapa watoto 10 safaktanti iliyotayarishwa kutoka mapafu ya ng'ombe, na ndani ya saa chache hali zao zikabadilika. Wasweden Bengt Robertson na Tore Curstedt wakatengeneza ya kwao kutoka mapafu ya nguruwe, Curosurf, na jina la dawa limebeba mianzo ya majina yao. Leo Shirika la Afya Duniani linaihesabu safaktanti miongoni mwa dawa muhimu kwa watoto. Kwa mtoto wa uzito wa wetu dozi ya Curosurf ni kama mililita 3, hata kijiko cha chai hakijai. Binamu alikuwa ameshaulizia. Bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na korosho zote alizouza mdogo wangu kwenye mnada wa wiki ile. Mdogo wangu hakuvuta hata pumzi. "Mwambie anunue."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, tasbihi mkononi. "Hiyo dawa inatokana na nini?"

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia: ipo ya ng'ombe, lakini hiyo iliyopatikana ni ya nguruwe.

Hakusema neno. Akanyoosha mkono nimpe simu, akampigia shekhe wetu wa mtaani, akamweleza mambo yote kwa utaratibu, hata uzito wa mtoto. Sijui yote aliyojibiwa, nilisikia tu shekhe akisema kwamba dharura ina hukumu yake, na kwamba kama ya ng'ombe haipatikani, basi roho ya mtoto itangulie. Mama akakata simu. "Basi ije," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake. Najua familia nyingi za pwani hii zitakutana na swali hilo, kutoka Kilwa mpaka Msimbati, na ningependa walikute limeshaulizwa mapema, wodini na msikitini, lisije likaulizwa kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto anayeguna.

Aliyetuzuia ni daktari. Alituketisha, mimi, mama na mdogo wangu, akaongea polepole. Dawa hii inafaa zaidi ikitolewa mapema, saa za mwanzo. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na hata ikipanda ndege itafika mchana au jioni, ikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 njia nzima. Kuimimina kunahitaji kupitisha mrija kooni kwa mtoto wa kilo moja, mikono iliyozoea, kisha mtu wa kumtazama dakika kwa dakika. Halafu akasema jambo la muhimu kuliko yote. "Huyu wenu anatumia oksijeni asilimia 28. Mguno umepungua tangu alfajiri. Nadhani ile sindano moja, ingawa ilichelewa, imemsaidia kidogo. Akizidi 30, tutaongea upya." Watoto wengi wa umri wake huvuka kwa sipapu peke yake, alituambia, safaktanti yao wenyewe inapoanza kujazia ndani ya siku mbili tatu. Wengine hawavuki.

Hakuzidi 30.

Kitanda cha pili kutoka kwetu kulikuwa na mtoto wa kiume. Wiki 27, gramu 900. Mama yake alitoka upande wa Nanyamba, mzazi wa kwanza, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Mtoto wake alikuwa na chupa kama yetu, sentimita zilezile, mapovu yaleyale. Lakini oksijeni yake ilipanda. 40 siku ya kwanza. 60 siku ya pili. Nesi alikuwa anaiandika kwenye chati, na mimi, kwa tabia ya ualimu, nilikuwa naisoma kutoka mbali. Usiku wa tatu ilikuwa 80 na kifua kikawa hakibonyei tena kwa nguvu kama mwanzo. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani anapata nafuu. Alikuwa anachoka.

Kulipokucha nilimkuta binti yule anakunja doti ya kanga. Alikuwa anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena, akilinganisha pindo na pindo. Aliniuliza bila kunitazama, "Mwalimu, ile dawa mliyokuwa mnaisema nyie na daktari. Yeye ingemsaidia?"

Ningeweza kumwambia ni mipango ya Mungu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshalisema hilo mara kadhaa. Lakini aliniuliza kitu kingine, na aliniita mwalimu. Nikamwambia, "Huenda ingemsaidia." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja.

Mtoto wetu alikaa kwenye sipapu siku tano. Siku ya pili tu, mirija ikiwa bado puani, walimtoa kwenye kitanda cha joto wakamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga ikiwafunga wote wawili. Njia ya kangaruu. Wifi alipokwenda kuoga au kula, nilimbeba mimi, na usiku alimbeba mama yangu, ambaye ana miaka 66 na hakuhitaji maelekezo. Zamani tulisubiri mtoto apate nafuu ndipo abebwe hivi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atulie, kunapunguza vifo kwa robo. Mtoto akibebwa kifuani, unausikia moyo wake kwa ngozi yako. Na pumzi zake pia. Nilikuwa nazihesabu. Wiki ya pili nikagundua nimeacha kuhesabu.

Nimesikia watu waelewa wakisema safaktanti si ya hospitali za kwetu, kwamba kwanza tupate sipapu za kutosha, joto, maziwa ya mama kwa mpira, usafi wa mikono, manesi wa kutosha usiku. Mpangilio huo naukubali. Bila sipapu na nesi anayesikiliza mapovu, dawa ile ni pesa iliyomwagwa. Ninachokataa ni kugeuza neno kwanza liwe na maana ya peke yake. Wodi niliyolala ilikuwa na chupa zinazotokota, ilikuwa na kifaa cha oksijeni kwenye kila unyayo, ilikuwa na daktari anayejua ni mtoto yupi anavuka asilimia 30 na saa ngapi. Mtoto wa gramu 900 alikuwa ameshapewa vyote vilivyotangulia. Kwake yeye kilichobaki ni mililita mbili na robo kwenye friji. Chupa mbili tatu zikae friji la hospitali ya mkoa, zilindwe kama damu inavyolindwa, na watu wawili wafundishwe kuzitoa, hata kwa ule mrija mwembamba wa siku hizi ambao mtoto anapewa dawa huku akiendelea kupumua mwenyewe kwenye sipapu. Sioni kama ni ombi kubwa kwa mikoa inayotoa korosho na gesi.

Januari nilipanda kule juu kumwona nesi wa zahanati. Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza, kisha akafungua mwongozo uliokunjwa pembe. "Mwalimu, mimi ile sindano ninayo. Nitamchomaje mtu ambaye sijui kama ana wiki 29 au 37?"

Alikuwa na haki, na nilikuwa sijui. Sindano hii iligunduliwa kwa kondoo. Graham Liggins wa New Zealand aliona wanakondoo waliozaliwa mapema mno, ambao walikuwa wamepewa dawa za jamii hii wakiwa bado tumboni, wanapumua wakati hawakupaswa kupumua, na mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo kwa binadamu. Imeokoa watoto wengi. Lakini ina masharti: wiki zijulikane, mama asiwe na maambukizi, na mtoto azaliwe mahali anapoweza kuhudumiwa. Utafiti wa nchi sita uliochapishwa 2015, Kenya na Zambia zikiwemo, ulionyesha kwamba kuisambaza kwa wingi hadi ngazi ya chini bila kujua wiki vizuri hakukupunguza vifo, na wengine ambao hawakuihitaji walidhurika. Nesi hakuwa mzembe. Alikuwa na kadi iliyoandikwa "hajui", na kadi hiyo tuliiandika sisi, familia nzima, tuliposhindwa kumuuliza mwali wetu aliona siku zake mara ya mwisho lini.

Nilimsimulia habari ya salfa. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka, akachukua kalamu. Tulikaa tukaorodhesha: kugawa salfa, kupuliza ya kwanza, korosho za kwanza kudondoka, mnada wa kwanza, mfungo wa Ramadhani, mitihani ya darasa la saba. Aliibandika ukutani, juu ya meza ya kliniki. Sasa akijibiwa "sijui", anauliza shamba lilikuwaje.

Mtoto wetu ana miezi saba. Ana kilo sita na nusu, anakohoa kidogo upepo wa baridi ukija, na akichukizwa na jambo analia kwa sauti ya mapafu yote mawili. Jumapili iliyopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya yule binti wa Nanyamba. Aliniamkia, akauliza hali ya mtoto, akanyamaza. Kisha akaniambia ana mimba tena, na kwamba mara hii tarehe ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango na pia kwenye kadi, na kliniki ameshakwenda mara mbili.

"Mwalimu," akasema, "ile dawa imeshafika?"

Nikamwambia nitauliza. Jumatatu baada ya vipindi nilipanda bajaji mpaka hospitalini, nikaomba kumwona mfamasia.